Ijumaa ya Madawati Matupu

Fomu ya kuomba usajili wa shule ilikuwa na kipengele kimoja kilichonikera kuliko vyote. Walitaka nieleze, kwa mistari minne, faida ambazo jamii inayoizunguka shule inazipata kutokana na shule hiyo. Vipengele vingine nilivijaza kwa jioni moja: vyumba vya madarasa, matundu ya vyoo, umbali kutoka barabara ya lami. Hicho cha faida nilikizunguka wiki nzima. Mwishowe nikaandika yale yanayoandikwa siku zote, kwamba shule inaleta mwanga na inawaandaa vijana kujitegemea. Nikagonga muhuri nikaituma nikiwa na hasira, maana ukweli niliokuwa nao usingeingia kwenye mistari minne.

Ukweli ni kwamba kata yetu ya Mshangano iliifaidi shule yetu kila siku ya Mungu, kwa kila kitu isipokuwa masomo. Kisima cha pampu tulichochimba kwa ajili ya wanafunzi kilikuwa na foleni ya ndoo kuanzia alfajiri, na mwanafunzi wangu akitaka maji ya kunywa aliambiwa apange nyuma ya mama mwenye ndoo saba. Kengele yetu, rimu la gurudumu la lori lililoning'inizwa kwa mnyororo, iligongwa kutangaza mkutano wa kata, ng'ombe aliyepotea na padri aliyefika. Darasa la kidato cha kwanza liligeuka kanisa kila Jumapili, na Jumatatu nilikwangua nta ya mishumaa kwenye meza ya mwalimu. Stoo ya vitabu ilihifadhi mbolea ya watu. Walimu wangu waliandika barua za kata nzima: za kuomba kazi, za mahakama ya mwanzo, za kumkumbusha kijana aliyepotelea Dar es Salaam kwamba mama yake bado yu hai.

Na madawati. Hayo ndiyo yaliyonizeesha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ruksa kufungua duka, ruksa kumuuzia mahindi yako umtakaye, ruksa kuvaa mitumba bila kuona haya, ruksa wazazi kujenga sekondari yao. Watoto wetu waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, wengine wote wakimaliza darasa la saba walipewa jembe. Basi wazazi wa Mshangano wakafyatua tofali kwa msaragambo, kila kaya na zamu yake, wakazichoma, wakapandisha vyumba vitatu na kuviezeka bati. Kisha wakanifuata Mbinga, nilikokuwa nikifundisha shule ya serikali, wakanibembeleza hadi nikaacha kazi yenye pensheni. Ndugu zangu waliniambia nimerogwa. Nikaja kuwa mkuu wa shule yenye sakafu ya udongo.

Kiwanja alikitoa bibi mmoja mjane aliyekuwa akilima ulezi pale. Hakukiuza. Aliwaita wazee, akapika ugimbi, pombe yetu ya nafaka, akawatembeza kwenye mipaka kwa miguu yake mwenyewe, akasema shamba hili sasa ni la watoto. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Alipokuja kuteka maji pale kisimani alikuwa akiweka ndoo chini na kusimama dirishani, kidogo tu, akimtazama mjukuu wake akisoma, halafu anaondoka bila kuaga.

Huyo mjukuu alikuwa kidato cha pili, msichana mrefu mwenye sauti ya pole, na kwa kusoma alituacha wote nyuma, walimu tukiwemo. Alitaka uuguzi. Wazazi wake walikuwa wamefariki, akalelewa na baba yake mdogo, mtoto wa yule bibi. Siku ya kumwandikisha, baba mdogo aliniambia wazi:

"Miaka miwili, Madam. Ada hii ni mkono wa mama, si wangu. Akifaulu mtihani wa kidato cha pili tutaangalia. Asipofanya, nyumbani kazi zipo."

Nikamwambia atafanya na atafaulu. Nilisema kwa kinywa kipana, kama mtu mwenye mamlaka ya mitihani mfukoni. Bila usajili shule haipewi namba ya kituo, na bila namba ya kituo wanafunzi hawafanyi mtihani wa taifa wa Novemba. Bila mtihani huo hakuna kidato cha tatu. Hayo yote niliyajua, na nilijua pia kuwa wakaguzi wa kanda wangekuja kabla ya katikati ya mwaka kuamua.

Sasa nieleze habari ya madawati. Hatukuwa na namna ya kuyanunua, kwa hiyo niliandika katika maelekezo ya kujiunga kwamba kila mwanafunzi aje na dawati lake na kiti chake, na kwamba vitaendelea kuwa mali ya mzazi mpaka mtoto amalize shule. Niliona nimetumia akili sana. Yakaja madawati ya kila sura: ya mninga kutoka upande wa Tunduru, mazito kama jeneza, ya msindano uliokuwa bado unatoa utomvu, na moja lililotokana na mlango wa zamani, likiwa bado na tundu la kitasa. Darasa lilionekana kama mnada. Lakini kila mtoto alikaa, nami nikamshukuru Mungu.

Nilichosahau ni kwamba mtu mwenye dawati lake shuleni ana dawati lake, basi. Akipata msiba, atalichukua. Akilichukua lake, jirani atatoa na lake, kwa sababu ni jirani. Na misiba haikuisha. Alasiri nilikuwa na madarasa mawili kamili. Kesho yake asubuhi nina vumbi lenye alama za miguu ya viti, na watoto wamesimama. Baada ya siku tatu, tanga likiisha, madawati yanarudi yana mafuta ya pilau. Yalikwenda pia kwenye harusi, kipaimara na mikutano ya siasa. Nilipolalamika niliambiwa kwa upole kabisa, "Madam, si ndiyo faida ya kuwa na shule?"

Barua ya wakaguzi ilipokuja niliitisha kikao cha kamati. Ilisema watafika Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi. Nikawaeleza kwamba watahesabu madawati, moja kwa kila mwanafunzi, na likipungua hata moja tumekwisha. Tukakubaliana wote kwamba hakuna kuazima chochote hadi wakaguzi waondoke. Mwenyekiti wa kamati, mkulima aliyewahi kuwa karani wa ushirika, mtu wa miraba minne na maneno machache, aliandika mwenyewe kwenye daftari na kupiga mstari chini yake mara mbili. Jumapili katekista akatangaza baada ya ibada. Nilipata usingizi mzuri siku hizo.

Jumatano jioni, siku mbili kabla ya ukaguzi, yule bibi aliyetoa shamba akafariki.

Alhamisi asubuhi, kabla sijafungua ofisi, mwenyekiti alikuwa amesimama uwanjani na wanaume wanne na mkokoteni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na matope yaliwafika kwenye vifundo vya miguu.

"Mwenye shamba katutoka, Madam," akasema. "Tunazika kesho. Watoto wake wa Tunduru na Mbinga wako njiani, na wakwe, na paroko anakuja. Pale nyumbani pote ni maji. Hawawezi kukaa chini."

Nikampa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, nilimpenda yule bibi. Kisha nikamwambia madawati hayatoki.

"Mwenyekiti, wewe mwenyewe uliandika kwenye daftari."

"Niliandika."

"Kikao kilisema hakuna kuazima."

"Kikao kilikaa hajafa bado," akasema.

Wale wanaume wanne wakatikisa vichwa kuafiki. Nikawaambia kwamba bibi mwenyewe alitoa shamba ili watoto wasome, si ili wapate pa kukalia misibani. Nikawaambia wakaguzi hawajui msiba wala harusi, wanajua kuhesabu tu. Nikasema, na hili nalikumbuka kwa sababu nililisema kwa sauti ya juu mno, kwamba kata hii itabaki na jembe mpaka kiama kwa sababu haiwezi kusema hapana hata siku moja.

Mwenyekiti aliniangalia, wala hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Haya, Madam," akasema. "Tutaona la kufanya."

Wakageuza mkokoteni mtupu wakaondoka. Nikafunga madarasa yote mawili kwa kufuli, funguo nikazitia kwenye mkoba wangu, nikatembea nao kutwa nzima kama mchuuzi wa sokoni. Siku ile tulisomea kwa zamu, kila mlango nikiufungua na kuufunga mwenyewe. Saa nane niliwapanga wanafunzi mstarini na kuwapa maagizo: kesho saa moja kamili, sare zimefuliwa na kupigwa pasi, nywele fupi, kucha fupi, na yeyote atakayechelewa asije kabisa. Yule mjukuu hakuwepo, na sikumtarajia.

Jioni nilikwenda msibani. Akina mama walinisogezea nafasi kwenye mkeka ndani, hakuna aliyenitupia neno. Wanaume nje walikalia mawe, magogo, vinu vilivyolazwa, na mzee mmoja alikalia debe. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kesho mnasoma, Madam?" Nikajibu kwamba tunasoma. Akaitikia, "Eee," akaendelea kuchambua maharage. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda. Nilijisemea kwamba hatimaye mtu mmoja katika kata hii amesimama imara, na mtu huyo ni mimi.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu nilikuwa shuleni. Nikafungua madarasa, nikapanguza kila dawati kwa kitambaa chenye maji, nikayapanga kwa kamba ili mistari inyooke. Mwalimu wa hisabati alikuja amevaa tai. Saa moja ikafika. Nikagonga kengele mwenyewe. Uwanja ukabaki mtupu.

Saa moja na nusu, mtupu. Hata kisimani hapakuwa na ndoo. Nikagonga tena, nikagonga kwa nguvu mpaka mkono ukafa ganzi. Mwalimu wa hisabati akapanda baiskeli yake kwenda kuangalia. Alirudi baada ya saa nzima, tai imetota.

"Wako barabarani, Madam," akasema. "Wamebeba mabenchi."

"Mabenchi gani?"

Akanieleza. Mwenyekiti alipokosa madawati yangu, alikwenda kuomba mabenchi ya kanisa la Bombambili, kata ya jirani. Akakubaliwa, ila kwa sharti kwamba yachukuliwe Ijumaa baada ya misa ya asubuhi na yarudishwe siku hiyohiyo. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi kwenye ardhi iliyojaa maji, na mkokoteni mmoja usingetosha. Kwa hiyo alfajiri watu walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya kila mwenye mabega. Wavulana wangu wote walikuwa njiani, wanne kwa kila benchi, na wasichana wamepelekwa kuchota maji mtoni na kutafuta kuni kavu, kazi ambayo katika mvua ile ilihitaji miguu mingi.

"Wanasema watamaliza saa nne," akasema. "Wanadhani wakaguzi watafika saa sita, kama kawaida ya serikali."

Nakumbuka nilisikia mngurumo wa gari kabla hajamaliza. Saa tatu kasorobo, Landrova ya wakaguzi ikaingia uwanjani. Nimefanya kazi na serikali miaka kumi na minne, nimeisubiri kwa mishahara, kwa vitabu, kwa chaki, haijawahi kuwahi mahali. Siku hiyo iliwahi.

Walishuka wawili, mwanamume wa makamo mwenye miwani na mama mmoja mkimya mwenye faili. Wakakagua vyoo, wakapima madarasa kwa hatua, wakahesabu madawati. Mama mwenye faili alihesabu mara mbili, akagusa lile lenye tundu la kitasa, akatabasamu. Yalitimia. Hakuna hata moja lililopungua. Yule bwana akasimama mbele ya darasa la kidato cha pili, akaviangalia vile viti vilivyonyooka kama askari kwenye gwaride.

"Mkuu wa shule," akasema, "nani anakalia hivi?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza kwa utaratibu, kwa heshima, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga: kwamba wanafunzi wapo, tena wana sare, ila wamekwenda kubeba mabenchi kwa sababu nimekataa kutoa madawati ili wanafunzi wawe na madawati. Wakaguzi wakatazamana. Walisubiri hadi saa tano. Kisha mama mwenye faili akasema hawawezi kukaa hapa wakati jirani kuna mwili ndani, twendeni tukatoe pole.

Tukaenda kwa Landrova yao. Tulipofika, misa ilikuwa inakaribia kwisha. Wanafunzi wangu wote walikuwepo, wamesimama pembeni kwa mistari bila kuambiwa na mtu, mashati meupe kama nilivyoagiza, na mabega yana matope ya mabenchi. Wageni wa Tunduru na kofia zao za kitambaa, wakwe wa Mbinga, wazee wa kata, wote wamekaa vizuri, hakuna aliyelowa. Sisi tulipewa benchi la mbele.

Kisha mwongozaji wa mazishi akaita wasifu wa marehemu, na aliyeinuka kuusoma alikuwa yule mjukuu. Alikuwa ameuandika mwenyewe usiku ule. Alisoma bila kutetemeka. Alisema mwaka wa kuzaliwa wa bibi yake haujulikani, lakini alikuwa msichana mkubwa tayari wakati wa njaa ya nzige. Alitaja watoto aliowazaa na aliowazika. Alisema bibi yake hakujua kusoma, na ndiyo maana alilitoa shamba lake la ulezi, na tangu alipolitoa alikuwa akinunua ulezi wa pombe kwa watu wengine. Hilo sikulijua. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza bibi yule alipata wapi ulezi baada ya sisi kujenga juu ya shamba lake. Watu waliguna kwa huzuni. Mkaguzi akavua miwani akaifuta.

Moyo wangu ukafunguka kidogo. Nikajisemea, ameona. Ameona kwa macho yake binti wa kidato cha pili anaandika na kusoma mbele ya mamia ya watu. Ukaguzi gani unaushinda huu? Baada ya mazishi walikaribishwa wali na maharage, na yule bwana akaongezewa, akala akasifu mpishi. Aliniambia, "Shule yenu iko katikati ya watu, Mkuu. Ni jambo zuri sana." Nikawasindikiza hadi kwenye gari nikiwa karibu na furaha.

Ni mwenyekiti aliyenirudisha chini. Alikuja amejaa udongo wa kaburini, akauliza imekuwaje. Nikamwambia nadhani wameridhika, lakini hawakukuta mwanafunzi darasani, na nikaanza tena kumlaumu.

"Madam," akasema, "ungetupa madawati, watoto wangebaki darasani."

"Wangekaa wapi?"

"Wangesimama. Wamezoea."

"Na wakaguzi wangeniuliza madawati yako wapi!"

"Ungewaleta huku wakayahesabu," akasema. "Si wamekuja?"

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mimi mwanamke mzima, mwalimu, nilikunja ngumi. Kwa sababu alikuwa sahihi, na usahihi wake ulikuwa wa aina isiyo na nafasi popote kwenye fomu.

Barua ya majibu ilichukua miezi. Ilifika Julai, wakati wa baridi. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba siku ya ukaguzi hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja darasani, hivyo ufundishaji haukuweza kukaguliwa, na ombi letu litafikiriwa upya baada ya ukaguzi mwingine, mwaka utakaofuata. Hapakuwa na neno kuhusu msiba, wala kuhusu binti aliyesoma, wala kuhusu wali. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilikwenda ofisi ya elimu mjini mara tatu. Mara ya kwanza bwana mmoja alinisikiliza akacheka hadi machozi, akasema kisa changu ni kizuri kweli, kisha akaniambia nisubiri mwaka ujao.

Nikaitisha mkutano wa wazazi. Walikuja na makoti ya mitumba, wamejikunyata, pumzi zao zinaonekana hewani. Nikawasomea barua. Nikawaambia kidato cha pili hawatafanya mtihani mwaka huu, itabidi warudie, mwaka mmoja tu, na kwamba safari hii usajili tutaupata. Nilitegemea zogo. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea, kwani ningepata nafasi ya kutukana na mimi. Nilikuwa na mengi kifuani: kuhusu mabenchi, kuhusu daftari lenye mistari miwili, na kuhusu funguo zangu pia.

Hakuna aliyetukana. Kisha baba mdogo wa yule binti akasimama, akavua kofia.

"Madam, tunakushukuru kwa kazi," akasema. "Wewe mwenyewe uliandika kwamba dawati ni mali ya mzazi."

"Niliandika."

"Basi naomba langu."

Nilimwambia mwaka mmoja si kitu. Nikamwambia binti huyu atakuwa muuguzi, atamtibu yeye mwenyewe uzeeni. Nikamtaja mama yake marehemu, jambo ambalo sikupaswa kulifanya mbele za watu, nikaona uso wake unafunga.

"Mama ameshakwenda," akasema. "Nilimwambia miaka miwili, akakubali. Wewe pia nilikwambia."

Maelekezo yale yalikuwa na sahihi yangu. Akaingia darasani, akainamisha mgongo, akatoka na dawati la mninga kichwani. Baada yake akainuka mwingine, halafu mama mmoja wa ng'ambo ya mto. Hawakuwa wote, nisidanganye. Wengi waliacha watoto wao, na mwaka uliofuata shule ilisajiliwa, na leo ina maabara na bweni, na watu huniambia nimefanya kazi kubwa. Lakini siku ile nilisimama mlangoni nikiyasindikiza kwa macho yale madawati niliyoyafungia kufuli, yakitoka moja moja na wenyewe, kwa haki kabisa, katikati ya mchana, na mwenyekiti akisaidia kuyatwisha.

Yule binti alitoka wa mwisho. Alikuwa amebeba kiti chake kichwani, mkono mmoja umeshika mguu wa kiti, mwingine umeshika daftari zake. Alipofika mlangoni alisimama mbele yangu, na kwa kuwa hakuweza kuinama na kiti kichwani, alikunja magoti kidogo.

"Shikamoo, Madam."

Nilikuwa nimemfundisha karibu miaka miwili kujibu maswali kwa sentensi kamili. Nikaitikia, "Marahaba," nikampisha apite.